Kushusha pumzi kabla ya kusema

Nimerudi nyumbani na jambo moja linalonisumbua, nami nimeona heri niliandike kabla usingizi haujalifunika. Saa mbili kabla ya kuwasilisha ripoti tuliyoiandaa kwa wiki tatu, niligundua kwamba jumla ya jedwali moja hailingani na ya jedwali linalofuata. Moyo ulianza kwenda mbio, viganja vikalowa jasho, na macho yakawa yanapita juu ya tarakimu zilezile bila kuzisoma. Wakati huohuo mwenzangu mdogo kazini alinijia na karatasi mkononi, na kabla hajamaliza swali lake nikamjibu kwa ukali ambao hakustahili. Aliondoka kimya. Kosa nililipata muda mfupi baadaye: safu moja ilikuwa imehesabiwa mara mbili.

Jioni yote nimekuwa nikijiuliza kwa nini mtu anayejua kwamba hasira haimsaidii huikimbilia hata hivyo. Sehemu ya jibu imo mwilini. Mwaka 1915 mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, alieleza jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia unapohisi hatari: tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu, moyo hudunda kwa kasi, na damu nyingi zaidi huelekezwa kwenye misuli. Maandalizi hayo yanamfaa mtu anayefukuzwa na mnyama. Hayamfai anayetafuta kosa katika jedwali, kazi inayotaka subira na jicho lililotulia, wala haina wa kupigana naye. Na adui asipokuwapo, yeyote atakayetokea mlangoni huchukua nafasi yake.

Tena adrenalini huanza kutenda kazi ndani ya sekunde chache tu, ilhali kotisoli, homoni nyingine ya msongo, hufikia kilele chake katika damu dakika 20 hadi 30 hivi tangu mshtuko uanze. Nadhani hapa ndipo nimejidanganya kwa miaka mingi. Nikishapata suluhisho huhesabu kuwa nimetulia, kumbe mwili bado uko vitani, na ujumbe ninaoandika katika nusu saa hiyo ndio ninaoujutia kesho yake.

Kuambiwa "tulia" hakujawahi kunituliza hata siku moja. Moyo hausikii amri, lakini pumzi husikia, kwa kuwa kupumua ni mojawapo ya kazi chache ambazo mwili huzifanya wenyewe usiku na mchana na bado tunaweza kuzishika kwa hiari yetu. Tunapovuta pumzi mapigo ya moyo huongezeka kidogo, na tunapoitoa hupungua, kwa kazi ya neva ya vagasi inayotoka kwenye ubongo na kufika moyoni. Kwa hiyo pumzi inayotolewa polepole, kwa muda mrefu kuliko ilivyovutwa, huupunguzia moyo mbio zake. Lugha yetu yenyewe ilikwisha kuliona jambo hili, maana aliyepata nafuu tunasema ameshusha pumzi. Mimi leo niliibana.

Sidai kwamba pumzi hutatua kila kitu. Anayelemewa na madeni, au anayeuguza mgonjwa bila msaidizi, anahitaji kupunguziwa mzigo, na kumwambia apumue tu ni kumwonea. Ninachokitafuta mimi ni kidogo sana: ile nafasi iliyopo kati ya mshtuko na neno la kwanza. Pumzi tatu zilizoshushwa taratibu zingetosha kunifikisha kwenye sentensi kama "nipe dakika kumi, kuna kosa nalitafuta", na huenda zingenipa hata masikio ya kusikiliza.

Kwa maana sasa hivi, nikiandika haya, nimeyakumbuka maneno yake kabla sijamkatiza: "Samahani, hii safu ya nne mbona..." Kesho, kabla sijafungua kompyuta, nitakwenda mezani kwake kumwomba radhi, na nitamwambia kwamba kosa alikuwa ameliona yeye.