Siku yangu na herufi "w" katika darasa la pili

Saa 11 alfajiri. Nimeamka kabla ya adhana kwa sababu ya madaftari. Jana nilibeba 40 nyumbani, usingizi ukanichukua nikiwa nimesahihisha 26. Nimeinjika chai, peni nyekundu mkononi. Neno la jana lilikuwa "kwao", kwa mwandiko wa kuunganisha. "K" wameipata. Ikifika "w" ndipo balaa linapoanza: mtoto anapanda, anashuka, anapanda, anashuka, anapanda, halafu badala ya kutokea juu kuifuata "a", anateremka tena mpaka mstari wa chini. Ukisoma unapata "kuiao". Madaftari matano mfululizo, kuiao, kuiao. Nimecheka peke yangu mpaka mume wangu akauliza kuna nini.

Saa 12:40. Kutoka Ngamiani hadi shuleni natembea kwa miguu. Tanga asubuhi ni baiskeli, na mama wa maandazi ambaye hanidai shikamoo kwa kuwa tumelingana, ila ananidai 500 ya juzi.

Saa 1:15. Namba, usafi, kukagua kucha. Hakuna la kusimulia.

Saa 2 kamili. Watoto 84, watatu watatu kwa dawati. Dakika kumi za mwanzo hakuna anayeshika penseli. Tunaandika hewani kwa mkono mzima, kuanzia bega. Mimi nawapa mgongo, maana nikiwatazama herufi yangu wanaiona kinyume. Tunaimba: "Panda, shuka, panda, shuka, panda, kaa begani!" Hiyo ndiyo "w".

Sifuati mpangilio wa a, b, ch. Nafuata mwendo wa mkono. Kwanza familia ya "c", yaani a, d, g na o, ambazo zote zinaanza kwa kupinda kushoto. Kisha i, u, t. Kisha zenye kitanzi: l, e, h, k. Vilima vya "n" na "m" navichelewesha, kwa sababu Kiswahili hakina huruma kwenye vilima. Mpe mtoto wa miaka minane neno "nimenunua" aliunganishe, umwone anavyopotea katikati ya milima bila kujua amekwisha kupanda mingapi.

Ila ugumu wenyewe uko kwenye herufi nne: b, o, v na w. Kwa mtindo tunaoutumia, hizi zinamaliza juu, hazimalizi chini kama wenzao. Nyingine hushikana miguuni, hizi hushikana mabegani. Na lugha yetu imejaa "w": wa, kwa, mwa, bwa, wao, wewe. Hutafika mbali kabla hujakutana nayo.

Saa 2:20. Penseli. Wanaotumia mkono wa kushoto ni saba, na kila mmoja nimemweka ncha ya kushoto ya dawati ili viwiko visigongane. Daftari lao linainamia kulia, la wengine linainamia kushoto. Mama yangu alichapwa aache mkono wa kushoto. Akaacha, na mpaka leo akiandika barua anaomba nimwandikie mimi.

Hapo kichongeo kikaanguka. Nikainama kukiokota karibu na dawati la dirishani, anapokaa binti mwenye mwandiko mzuri kuliko wote. Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikimwandikia "Vizuri sana". Nikiwa chini hapo nikauona mkono wake. Alikuwa anaandika "a" kuanzia kwenye mkia. Anaingia kutoka kulia, anazunguka kinyume, anafika mwanzo. Kisha anahamia "w", nayo anaianzia mwishoni. Akimaliza anarudi kuziba pengo kwa kamstari kadogo, safi kabisa, huwezi kulijua.

Alikuwa anachora. Na nilimfundisha mwenyewe. Kila asubuhi huwa nawahi darasani nijaze ubao kabla hawajaingia, nikijiona mwalimu hodari. Watoto wanakuta herufi zimekwisha kuiva. Herufi iliyokwisha kuandikwa haisemi mkono ulianzia wapi, na daftari ninalosahihisha alfajiri halisemi pia.

Saa 4. Uji. Katika ofisi ya walimu mwenzangu wa hesabu kanianza: "Mwalimu, kuunganisha kwa nini? Darasa la saba wanaweka kivuli kwenye herufi ya jibu." Ana hoja. Tangu 2012 majibu ya kuchagua ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi yanasahihishwa kwa mashine, na mashine haijali mkia wa "a". Nami sioni dhambi kwa mtoto anayeandika herufi moja moja zikasomeka. Lakini ni yeye huyu anayelalamika kwamba darasa la nne hawamalizi kunakili maswali ubaoni, anafuta wakiwa nusu. Nikamkumbusha, maana tunaunganisha ili mkono uwahi. Akanywa uji wake.

Saa 5. Nimefuta ubao wote. Nimeandika "wa" mbele yao, polepole, nikasimama katikati: "Mkono wangu umeanzia wapi? Sasa unakwenda wapi?" Wamejibu kwa kelele iliyomleta mwalimu wa zamu mlangoni.

Kisha nimetoa trei ya mchanga, mchanga wa Raskazone niliouchunga mwenyewe. Nilikuwa nautumia kuwachangamsha tu. Leo nimegundua kazi yake. Kidole kikipita mchangani kinasukuma chembe mbele yake, na pale kinapoishia panabaki kilima kidogo. Binti wa dirishani kaandika "a". Kilima kikawa juu, upande usio wake. "Mwalimu, yangu imeishia kichwani," kasema mwenyewe. Sikumshika mkono. Nilimwambia aweke wake juu ya wangu, tukaandika pamoja mara sita.

Saa 9 alasiri. Nimepita madrasa anakosoma. Ustadhi kanikaribisha barazani. Yule binti alikuwa na daftari lake, mkono unatoka kulia kwenda kushoto, unateleza kama maji. "Huyu mkono wake umebarikiwa, mwalimu," ustadhi kasema. Basi nikaelewa mkia wa "a" ulianza wapi, nikamweleza. Kacheka kidogo.

Nikamuuliza yeye anafundishaje kuunganisha. "Naanza na wakaidi," kasema. Zipo sita zisizoshika mkono wa herufi inayofuata: alifu, dali, dhali, re, ze na wau. Mtoto akizijua hizo, nyingine zote zinashikana. Mimi nimekuwa nikifanya kinyume, naanza na zilizo nyepesi na kuwaacha wakaidi wangu wanne waje kuwashtua watoto katikati ya neno. Nikacheka nilipokumbuka kwamba "w" ni mkaidi kote kuwili: kwake haishiki, kwangu inashikia begani.

Saa 2 usiku. Wali na samaki, watoto wangu wamelala. Madaftari machache yamebaki. Andalio la kesho nimeliandika upya: b, o, v, w kwanza, ubao mtupu, trei moja kwa kila dawati kama nikipata vifuniko vya ndoo vya kutosha. Mama wa maandazi anavyo vingi, nikimlipa 500 yake.

Daftari la binti wa dirishani ndilo la mwisho. "Vizuri sana" zangu zimejipanga kila ukurasa, kwa wino usiofutika. Nimeziacha. Chini ya ya jana nimeandika "kwao" kubwa, na pembeni mwa kila herufi nimeweka nukta ndogo, mahali penseli inapoanzia.