Nilivyomtafsiria Mama magofu ya Ostia

Siku ya kwanza ilitushinda. Tuliingia Colosseum, ule uwanja wa kale wa Roma, na kundi kubwa, kila mtu na kidude chake sikioni, mwongoza watalii anamwaga Kiingereza bila kupumua. Nikimnong'onezea Mama sentensi moja, tatu zimeshapita. Nusu saa tu, Mama akakaa juu ya jiwe akasema anataka chai.

Kesho yake nikabadili utaratibu. Nikatafuta mwongozaji wetu wawili tu, mama wa makamo mwenye kibali, nikamwomba mapema: aseme sentensi mbili, anyamaze, nami nitafsiri. Tukapanda treni stesheni ya Porta San Paolo, kama nusu saa hivi, hadi Ostia Antica, bandari ya kale ya Roma kwenye mlango wa mto Tiber. Leo bahari imesogea kilomita kadhaa kwa sababu ya tope la mto.

Usiku nilikuwa nimeandaa maneno, lakini "thermopolium" lilinikwamisha. Mama alipoona kaunta ya mawe na picha ya vyakula ukutani, akanitua mzigo: "Si kwa mama ntilie hapa?" Kwenye vyoo vya marmar, matundu yamepangana bila hata pazia, alicheka mpaka akashika ukuta.

Nyuma ya ukumbi wa kale wa maigizo kuna uwanja uliozungukwa na vyumba vya wafanyabiashara wa meli. Sakafuni, kwa vijiwe vyeusi na vyeupe, kila kundi limechora alama yake. Watu wa Sabratha, Libya ya leo, wana tembo.

Lakini kilichomkamata Mama ni jengo la wapima nafaka. Sakafu yake inaonyesha wapagazi na magunia, na mtu mwenye kijiti mbele ya chombo cha kupimia. Mwongozaji akakiita kijiti "rutellum". Mimi nikababaika.

"Pishi ya mfuto hiyo," Mama akasema. Ameuza mchele sokoni Tanga miaka mingi. "Anafuta juu isizidi. Hebu muulize, mwanangu, kijiti alishika muuzaji au mnunuzi?"

Hakuna kati yao, akajibiwa. Wapimaji walikuwa na chama chao wenyewe.

"Heee! Basi hawa walishaibiana sana."

Kuanzia hapo tafsiri ikageuka njia. Mama anaeleza jinsi kibaba kinavyobonyezwa kitako ili kipunguze ujazo, mwongozaji kasimama juani na kalamu, ananiuliza "mfuto" linaandikwaje.