Machungwa juu ya pepa

Mpwa wangu kaniuliza kwenye WhatsApp usiku wa manane: "Anko, eichi-indeksi ndiyo kitu gani? Msimamizi wangu haishi kuitaja." Wenzake huniomba vocha. Ni namba moja ya kumpimia mtafiti: pepa zake, yaani makala za utafiti, na wengine wamezinukuu mara ngapi. Nikamrekodia sauti ndefu, maana kumweleza kulinirudisha moja kwa moja kwenye ile baraza ya Raskazone, Tanga, usiku umeme ulipokatika.

Daktari, mtafiti wa malaria, alikuwa anaandaa faili la kupanda cheo. Kamati ilitaka orodha ya pepa zake na kila moja imenukuliwa mara ngapi, na mwisho wa kupeleka ulikuwa kesho yake. Mimi nilikuwa mchapaji wake. Mchana tulishatoa idadi kwenye Google Scholar, mtandao unaohesabu nukuu, nikaziandika kwa penseli, kila pepa kwenye kona yake. Ikabaki hesabu ya mwisho, eichi-indeksi yenyewe, na hapo kompyuta ikazimika.

"Lete mkeka," akasema.

Tukazipanga kwa mstari, kuanzia iliyonukuliwa sana hadi ile iliyonukuliwa kidogo kabisa. Upepo wa bahari ukawa unazichukua. Mkewe akatoa kapu la machungwa ya Muheza, tukakandamiza kila pepa kwa chungwa moja. Daktari akashika chemli, akainama, akaanza kutembea kando ya mkeka huku anahesabu kwa sauti. Kanuni yenyewe aliitoa mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, na haidai umeme: unahesabu nafasi ya pepa, unatazama namba ya kona, na maadamu namba ya kona haijazidiwa na nafasi, unasonga mbele. Nafasi ya 14, kona 17. Nafasi ya 15, kona 15. Nafasi ya 16, kona 11. Akasimama. Basi eichi-indeksi ya Daktari wetu ni 15, na pepa za chini ya hapo haziongezi kitu.

Kichwani mwa mkeka ilikaa ile ya chanjo ya malaria, RTS,S, ya mwaka 2011. Jaribio lile lilifanyika kwenye vituo 11 katika nchi 7 za Afrika, Korogwe na Bagamoyo vikiwamo, na jina lake limo humo katikati ya msururu wa majina. Ulitafute kwa kidole. Hirsch hajali kama wewe ni wa kwanza au wa hamsini. Mkiani, ambako mwanga wa chemli haukufika vizuri, ilikuwepo ya mbu wa mabonde ya mpunga. Hiyo aliiandika yeye, jina lake ndilo linaloanza. Kona: 5.

Mzee mlinzi akaja kuomba chungwa.

"Shikamoo, mzee," Daktari akasema.

"Marahaba. Mnapanga biashara?" Akaokota la mkiani, na pepa ikafunuka kwenye picha: mtu kakaa kigodani, suruali kaikunja hadi magotini. Akaisogeza kwenye taa. "Hii miguu yangu hii!"

Kweli ilikuwa yake. Kabla ya ulinzi alikuwa mkamata mbu. Usiku kucha anakaa miguu wazi, tochi mkono mmoja, mrija wa kunyonyea mdomoni, anamvuta mbu akitua tu, kabla hajauma, kisha anampulizia kwenye kikombe cha karatasi, kila saa na kikombe chake.

"Na mimi nimeandikwa?"

Daktari akafungua ukurasa wa nyuma, penye shukrani, akamsomea kwa Kiswahili: wanakijiji waliojitolea kukamata mbu.

"Kwa hiyo nimo, au simo?"

"Umo, mzee. Ila hesabu hii haikuoni."

"Na wewe inakuona?"

Daktari akatazama ile nafasi ya 15, akatazama alipo mzee. "Huko chini ulipo, hata mimi hainioni."

Mzee akaanza kumenya chungwa lake. Umeme ukarudi karibu na adhana ya alfajiri, nikachapa 15, faili likaenda. Cheo kilikuja, baada ya kusuasua sana.

Mpwa wangu alitaka nimwambie kama hesabu hii ni ya haki. Nikababaika. Kuilaumu ni rahisi, lakini nimeziona kamati zinavyopandisha watu pasipo namba yoyote: huyu ni mwenzetu, yule hatumjui. Namba angalau haina shemeji. Kitu kimoja tu inakuhakikishia, kwamba haishuki, hata uache kazi ukauze madafu.

Juzi nimeichungulia ile pepa ya mbu. Imepanda, imeshavuka ule mstari wa siku ile. Anayeinukuu kuliko wote ni Daktari mwenyewe.