Timu haijulikani kwa kuulizwa siku moja

Kama umewahi kukaa kwenye semina ya kazini, iwe Dar, Arusha au Nairobi, lazima ushachorewa zile hatua nne kwenye karatasi kubwa ukutani: watu wanakutana, wanavutana, wanazoeana, halafu wanachapa kazi. Mwezeshaji anazisoma kama amri na watu wanaandika. Mimi hizi hatua zinanisumbua siku nyingi, sio kwamba ni uongo, shida ni kwamba hatuambiwi zimetoka wapi. Zimetoka kwa Bruce Tuckman, Mmarekani, mwaka 1965, na kwa ile kazi yake hakwenda kukaa na timu akaiangalia wiki kwa wiki, alikusanya makala kama 50 za wenzake akatafuta zinapofanana, na nyingi zilikuwa za vikundi vya tiba, yani watu wanaokaa duara na mtaalamu wa akili kuongea shida zao. Mwenyewe alikiri waziwazi kwamba makala alizopata haziwakilishi vikundi vya kila aina. 1977 akaongeza na Mary Ann Jensen hatua ya tano, ya kuachana. Sasa hiyo ndo tunapimia idara ya mauzo?

Kazi inayonikosha mimi ni ya Theodore Newcomb, chuo kikuu cha Michigan, katikati ya miaka ya 1950. Alichukua vijana 17 wasiojuana kabisa akawapa nyumba ya kuishi bure, sharti lao wakubali kuhojiwa kila wiki, mwaka uliofuata akarudia na wengine 17. Kila wiki kila mmoja anapanga wenzake 16, nampenda nani zaidi mpaka nani wa mwisho. Muhula mzima! Data za kundi la pili zipo mpaka leo, watu wanazidownload na kuzichambua upya, ukiziangalia unaona vitu ambavyo dodoso la siku moja lisingekuonyesha hata ungeliandika vizuri vipi. Wiki za mwanzo mapenzi yanahama hama, anayependwa leo wiki ijayo kashuka, baadae ndo yanatulia. Na ile ya wewe unanipenda na mimi nakupenda inajitokeza mapema, ila makundi ya watatu watatu, rafiki wa rafiki yangu na yeye kuwa rafiki yangu, hayo yanachukua muda mrefu zaidi kujijenga. Pia kufanana mitazamo mwanzoni hakukuwa na uzito sana, kulikuja kuonekana baada ya watu kujuana kweli.

Halafu kuna Connie Gersick, 1988, yeye alifuatilia timu 8 za kazi maalum, nyingine zilikuwa na siku chache tu nyingine miezi, na hakuziona zikipanda ngazi moja moja. Kikao cha kwanza kiliweka mwendo, watu wakaenda nao hivyo hivyo, mpaka nusu ya muda waliopewa ikifika ndo timu inashtuka na kubadilisha namna ya kufanya kazi. Nusu ya muda, haijalishi muda wenyewe ni wiki au nusu mwaka.

Kuuliza mara nyingi kuna faida nyingine kubwa. Chukua wafanyakazi wawili marafiki, wote wachelewaji. Walipendana sababu wote ni wachelewaji au mmoja kamwambukiza mwenzie? Ukiwakuta leo tu huwezi kujua, inabidi ujue nani alianza kuchelewa na urafiki ulianza lini. Tom Snijders na wenzake wametengeneza programu kabisa, inaitwa SIENA, kwa ajili ya kutenganisha hayo mawili, na haifanyi kazi bila vipimo vya nyakati tofauti.

Sasa mimi nawaza vikoba, vile vikundi vya kuweka hisa na kukopeshana. Watu wale wale, wanakutana kila wiki, mzunguko una mwanzo na una siku ya kuvunja kugawana, na hata hatuhitaji dodoso sababu daftari la mikopo linaandika nani kamdhamini nani na tarehe. Kumdhamini mtu sio kusema tu unampenda, ni kuweka hisa zako rehani. Mtu akikaa na daftari la miaka mitatu ya kikoba kimoja ataona wadhamini wanavyohama, nani anaachwa polepole, kama kweli katikati ya mzunguko kuna kushtuka kama kwa Gersick, na mtu akichelewesha rejesho inachukua muda gani mpaka apate mdhamini mwingine. Natamani sana hii ifanyike na iandikwe kwa Kiswahili wenye vikundi waisome. Ila majina yabadilishwe kuwa namba na katibu mwenyewe kabla daftari halijatoka mkononi kwake, na wanachama wote waulizwe kwanza kwenye kikao, akikataa mmoja mistari yake ifutwe yote, hata kama takwimu zitaharibika.