Magari Yanayopashana Habari Barabarani

Kati ya teknolojia za usalama barabarani, inayonivutia zaidi ni ile inayoyawezesha magari kupashana habari yenyewe kwa yenyewe kwa mawimbi ya redio, bila kupitia mnara wa simu. Kila gari hutangaza takriban mara 10 kwa sekunde mahali lilipo, kasi yake, uelekeo wake na hali ya breki zake, na magari yaliyo umbali wa mita mia kadhaa huupokea ujumbe huo papo hapo.

Uharaka huo ni wa lazima. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa husogea karibu mita 28 kila sekunde. Dereva aliyezibwa na lori, akiarifiwa kwamba gari lililo mbele ya lori hilo limefunga breki ghafla, huanza kupunguza mwendo hata kabla taa za nyuma za lori hazijawaka. Kamera yake isingeliona gari hilo.

Kinachonisikitisha ni kusuasua kwa utekelezaji. Marekani ilitenga megahezi 75 za mawimbi ya redio, katika masafa ya gigahezi 5.9, kwa ajili ya mawasiliano haya ya magari mwaka 1999, lakini mwaka 2020 tume yake ya mawasiliano ikaamua kuzihamishia 45 kati ya hizo kwenye Wi-Fi. Tena, gari lenye kifaa hiki likiwa peke yake halina wa kuwasiliana naye, ndiyo maana naamini kwamba bila sheria ya kuwabana watengenezaji wote, kila mmoja ataendelea kumsubiri mwenzake aanze.