Fildi kwenye wodi ya lishe: vikombe, saa na mizani

Mwanafunzi wa lishe anayepangiwa fildi kwenye wodi ya watoto wenye utapiamlo mkali huenda akijua anakwenda kulisha. Katika hospitali niliyopangiwa mkoani Mtwara, sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kuzuia. Bibi asimnyweshe mjukuu supu ya kuku, mama asimpe uji mzito kwa siri, na mlo wa saa nane usiku usirukwe eti mtoto amelala.

Mwili uliokaa na njaa muda mrefu hupunguza mwendo wa moyo, figo, ini na utumbo. Ukipewa chakula kingi ghafla, fosfeti, potasiamu na magnesiamu hukimbilia ndani ya seli, hupungua kwenye damu, na moyo unaweza kushindwa. Ndiyo maana kuna maziwa dawa ya aina mbili. F-75 ina kilokalori 75 na protini gramu 0.9 tu kwa kila mililita 100. Hiyo ni ya kumtuliza mtoto, si ya kumnenepesha. F-100 ina kilokalori 100 na protini gramu 2.9, nayo husubiri hamu ya kula irudi na uvimbe uanze kupungua. Dawa ya madini ya chuma pia husubiri, hata viganja vikiwa vyeupe, kwa sababu mwanzoni huweza kuzidisha maambukizi.

Hesabu nilizifanya kwa kalamu kabla ya kugusa kopo. F-75 ni mililita 130 kwa kila kilo kwa siku. Mtoto wa kilo 6 anapata 780, na akilishwa kila baada ya saa mbili, milo ni 12 ya mililita 65. Mwenye kwashakoo aliyevimba mwili mzima mpaka usoni huanza na 100 kwa kilo, yaani mililita 50 kila mlo kwa uzito huohuo wa kilo 6. Kijiko cha kupimia cha F-75 kisihamie kwenye kopo la F-100, na kijiko cha chakula kisitumike kabisa. Kwa joto la Mtwara nilikoroga ya mlo mmoja na kumwaga yaliyobaki, japo akina mama waliona ni israfu.

Kunywesha ni kwa kikombe, mtoto akiwa amekaa wima mapajani, kisosi chini ya kidevu. Chupa ya chuchu haifai. Kuisafisha vizuri ni shida na mtoto dhaifu huchoka kunyonya. Kilichomwagika kisosini kipimwe na kiandikwe. Akishindwa kumaliza asilimia 80 ya mlo mara mbili au tatu mfululizo, mwambie nesi afikirie mrija wa puani. Usimlazimishe kwa kumbana pua. Maziwa yataingia mapafuni.

Usiku ndio wakati wa hatari. Sukari ikishuka chini ya 3 mmol/L, mtoto hupewa mililita 50 za glukosi ya asilimia 10, au kijiko cha chai cha sukari kilichojaa katika vijiko vitatu vya chakula vya maji, ikiwa anaweza kumeza. Baridi na sukari kushuka huja pamoja: joto la kwapani likiwa chini ya 35, mpe mlo, mvishe kofia, mlaze kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi na uwafunike wote wawili. Watu husema pwani hakuna baridi. Mtoto asiye na mafuta mwilini hupoa hata usiku wa Februari dirisha likiwa wazi.

Mizani ilikuwa ya kila asubuhi, saa ileile, kabla ya mlo, mtoto akiwa hana nguo. Kwanza nilipima kitu ninachojua uzito wake, pakiti ya unga ya kilo 2, ili mizani isinidanganye. Mwenye uvimbe hupungua uzito siku za mwanzo kwa sababu maji yanatoka, na mama huogopa: "Mwanangu mnamfanyaje, mbona anaisha?" Mwonyeshe miguu. Bonyeza upande wa juu wa nyayo zote mbili kwa vidole gumba kwa sekunde tatu, aone mwenyewe shimo la leo ni dogo kuliko la jana. Maelezo ya mdomo peke yake hayakuwahi kumtuliza mtu.

Akihamia F-100, kiasi kinabaki kilekile cha F-75 kwa siku mbili, halafu kinaongezwa mililita 10 kila mlo mpaka aanze kubakisha. Hapo hesabu pumzi na mapigo ya moyo kila baada ya saa nne. Pumzi zikizidi kwa 5 na mapigo kwa 25 kwa dakika, na vipimo viwili mfululizo vikisema hivyo, punguza maziwa na umwite daktari. Mambo yakienda sawa, zaidi ya gramu 10 kwa kilo kwa siku ni ongezeko zuri. Chini ya 5, tafuta maambukizi, au chunguza kama maziwa yanaishia kwa kaka yake.

Lipo pia la msichana mkubwa anayekataa kula kwa hofu ya kunenepa. Huyo ni wa kliniki ya afya ya akili, lakini mlo wake nao huanza kidogo, na vitamini B1 hutangulia chakula. Apimwe baada ya kukojoa, akiwa na gauni jepesi la wodi, maana wengine hunywa maji mengi kabla ya kupanda mizani. Kaa naye mezani na ubaki naye baada ya mlo ili asiende kutapika. Mkiwa mezani, ongeeni mengine. Mwili wake usiwe mazungumzo.

Kwa akina mama, lenye mzigo kuliko yote ni kubemenda. Mtoto akikonda, mtaani husemwa wazazi walivunja mwiko wa kulala pamoja mama akiwa bado ananyonyesha, kwa hiyo mama hufika kachelewa na amejaa aibu. Sikubishana. Nilianza na "shikamoo bibi", maana mara nyingi mlezi ni bibi, kisha nikauliza jana mtoto alikula nini, saa ngapi, na nani alimlisha. Jibu mara nyingi ni ugali wa muhogo na mchuzi mwembamba. Unashibisha, ila protini yake ni kidogo mno. Ushauri wangu ulianzia kwenye vilivyomo nyumbani: uji wa mtama wenye korosho zilizotwangwa laini, mbaazi zilizopondwa, dagaa wa unga.

Tarehe ya kurudi kliniki ipangwe kwa kuuliza kazi za shamba kwanza. Kuanzia Oktoba watu wako kwenye mikorosho, na ukimwandikia bibi wa Tandahimba siku ya kuokota korosho, haji. Mpe pakiti za chakula dawa, ule mchanganyiko wa karanga na maziwa wa kulia nyumbani, za kutosha mpaka siku aliyoichagua mwenyewe, na uandike kwenye kadi idadi ya kila siku, kwa sababu pakiti moja ina kilokalori 500 na nyumbani hugawanywa kama karanga.