Siku moja na ndege ya Mzee: Kigoma, Tabora, Kigoma

Saa 11 alfajiri. Mtaani kwetu Mwanga, hapa Kigoma, bado giza totoro. Kigoma tuko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa yetu ni ile ile ya Dar es Salaam, kwa hiyo mwezi huu wa Septemba jua halichomozi hadi inakaribia saa 1. Mimi kama rubani huishi na saa tatu kichwani: kwa mama muuza chai ni saa 1, kwenye simu ni 7:00, kwenye karatasi za safari ya anga, zinazofuata saa ya kimataifa (UTC), ni 04:00. Nikichanganya hapo, siku imeharibika.

Saa 12 na nusu niko uwanjani. Ndege ni Cessna 206, injini moja, viti sita, mali ya mfanyabiashara ninayemwita Mzee. Inakunywa petroli ya ndege, si mafuta ya taa yanayotumiwa na ndege kubwa, na petroli hiyo tunaiagiza kwa mapipa. Pipa likikaa, maji hujikusanya chini, kwa hiyo tunapampu kwa mkono kupitia chujio, kisha nakinga kidogo kutoka kila tangi kwenye chupa angavu. Rangi iwe buluu, na pasiwe na tone la maji limelala chini. Leo nimekinga mara tatu ndipo nikaridhika.

Saa 2. Mzee anafika na mhasibu, fundi wa mashine, na madumu sita ya mawese.

"Shikamoo Mzee. Hayo madumu nayo yanasafiri?"

"Marahaba. Ni zawadi tu, Kapteni."

Natoa mizani. Ndege hii hairuhusiwi kuruka ikizidi kilo 1,633. Tupu ina 1,020. Mafuta ya kwenda na kurudi, pamoja na akiba, kwa sababu Tabora sina pipa: 187. Watu wanne 319, mabegi 35. Zimebaki 72. Dumu moja la lita 20 ni kilo 19, kwa hiyo yanaingia matatu. La nne linazidisha kilo 4.

"Kilo nne!" Mzee anacheka, kisha anaacha kucheka. "Si umwage mafuta kidogo?"

Hapo ndipo ninapolipia mshahara wangu. Watu hudhani kazi ya rubani ni kushika usukani. Kazi ni kumwambia mwenye ndege hapana, tena kwa adabu, na kesho yake bado uwe na kazi. Madumu matatu yanabaki stoo.

Saa 2:40 tunaruka. Nafuata reli, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, maana injini ikizimika ni heri uwe karibu na watu kuliko katikati ya msitu. Uvinza, kisha Malagarasi na mabwawa yake. Baada ya hapo ni moshi wa mashamba na misitu inayochomwa, ardhi inaonekana kama kupitia kitambaa. Saa 4:15 tunatua Tabora.

Kisha kungoja, na kungoja nako ni kazi. Naifunga ndege kamba, nakula wali chini ya mwembe, naangalia mawingu. Tabora iko kama mita 1,190 juu ya usawa wa bahari; mchana hewa ikipata moto inakuwa nyepesi, na ndege ile ile inahitaji njia ndefu zaidi kuruka. Nimemwambia Mzee: saa 11 ikipita, tunalala. Sitaki kutua Kigoma gizani.

Saa 9 kijana mmoja ananifuata. Ni mwalimu, mama yake anaumwa Ujiji, anatoa shilingi laki moja na nusu. Fundi anabaki Tabora, kiti kipo. Ila ndege hii imesajiliwa kwa matumizi binafsi. Kuuza kiti kunahitaji cheti kingine kabisa, na ajali ikitokea bima inaweza kukataa kulipa.

Saa 10:20 Mzee anatokea, na madumu mawili ya asali. Namweleza habari za kijana.

"Basi achangie mafuta."

"Hapana Mzee. Aje bure, au asije."

Anamtazama kijana, anamtazama tena. "Panda."

Napima asali. Dumu la asali si dumu la mawese: kilo 29 kila moja. Yanaingia yote, maana mafuta yamepungua. Saa 10:40 tunaruka, upepo wa mashariki unatusukuma, na saa 12:05 ziwa linang'aa mbele yetu kama bati jipya. Kijana hajasema neno njia nzima, macho chini, mikono magotini.

Kwenye kitabu naandika saa za kuruka: 3. Mzee anapita karibu na stoo, anasimama.

"Kesho kutwa ukimfuata fundi, unakwenda peke yako, sivyo?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi hayo matatu yanaenda."

Napiga hesabu kichwani. Yanaenda.